Jina Asiloitikia Mama

Jumanne, 18 Novemba.

Asubuhi ya joto zito. Mawingu yamekaa juu ya majabali tangu alfajiri, meusi zaidi upande wa Newala, lakini halijashuka hata tone moja. Upepo hakuna. Jirani zangu walioanika korosho wameshinda wakitazama juu. Wenye mihogo wanaomba inyeshe na wenye korosho wanaomba isinyeshe, na wengi wao ni watu walewale.

Naanza na hali ya hewa kama ilivyo desturi yangu kwenye ukurasa wangu huu. Nikianza na lile linaloniuma siandiki tena, nabaki nimeshika simu mpaka inazima yenyewe.

Kwa hiyo: joto, mawingu, hakuna mvua. Sasa niandike ya mama.

Mama ana uvimbe tumboni. Alikuja kwangu hapa Mkomaindo mwezi wa tisa, kutoka kijijini kwake kule uwandani, upande wa Newala, akasema amekuja kuwasalimia wajukuu. Alikuwa amejifunga kanga mbili kiunoni, moja juu ya nyingine, ili nisione. Nikaona. Mimi ni fundi cherehani, kiuno cha mtu nakijua hata akijifunika blanketi. Nikampeleka hospitali, akapigwa picha, na daktari akasema uvimbe utolewe kwa upasuaji katika hospitali kubwa, tena asingoje mwaka mpya. Halafu akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba kwanza tumwingize kwenye bima, maana bila bima gharama zile si za watu wa kawaida.

Bima tunayo. Baba Hamisi, mume wangu, aliilipia nyumba nzima, na mama anaruhusiwa kuongezwa kama mzazi. Nilifikiri ni kazi ya siku moja. Lakini mfumo hauandiki mtu bila namba ya kitambulisho cha taifa, na mama hana namba. Walipopita kijijini kuandikisha ulikuwa msimu wa korosho, naye alikuwa amehamia kwenye kibanda cha shambani kama kila mwaka. Aliporudi wakawa wameshaondoka. Hakuona sababu ya kuwafuata. Alikuwa mzima, kadi ya kupigia kura anayo, na kijiji kizima kinamjua. Namba ilikuwa ya kazi gani?

Basi ndiyo safari zetu za ofisi ya vitambulisho, tangu mwezi wa kumi. Barua ya mtendaji wa kijiji wameipokea. Kadi ya kura wameiona, wakasema haitoshi, wanataka kitu kinachoonyesha alizaliwa wapi. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu bibi yangu, yaani mama yake mama, alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka akiwa msichana, akaolewa huku, akazaa huku, akazikwa huku. Sijui nyumba ngapi za kule uwandani zisizokuwa na bibi wa namna hiyo. Lakini mama alipoulizwa mama yake alizaliwa wapi alijibu kweli kama alivyolelewa, na tangu siku hiyo jalada lake limekuwa na alama ya swali.

Kitu pekee kinachoonyesha kwamba yeye mwenyewe alizaliwa upande huu ni kadi aliyoandikiwa kwenye zahanati ya misheni juma alilozaliwa. Bibi alikuwa Mwislamu kama sisi, lakini uchungu ulimkuta njiani na masista wakamsaidia. Kadi hiyo imekaa miaka yote kwa mjomba Hemedi, kaka yake mama, kwa sababu kwetu vitu vya ukoo hukaa kwa mjomba. Juzi ameituma kwa konda wa basi, ndani ya bahasha ya kaki aliyoifunga kwa uzi.

Nikaifungua. Kijiji cha kuzaliwa kimeandikwa, cha upande huu. Jina la baba lipo, la mama lipo. Na jina la mtoto lipo.

Silo jina la mama.

Wanaonisoma kutoka mbali huenda hawajui, kwa hiyo nieleze. Mama anaitwa Somoe. Hilo ndilo lililo kwenye kadi ya kura na kwenye barua ya mtendaji, na ndilo wazee wenzake wanalomwitia. Lakini Somoe ni jina alilotoka nalo unyagoni. Kabla ya hapo alikuwa na jina la utotoni, alilopewa na mama yake. Kwetu, msichana akishachezwa, jina lile huachwa kulekule porini pamoja na nguo alizoingia nazo. Halitajwi tena. Kumwita mtu mzima kwa jina lake la utotoni ni kumvua nguo mbele za watu. Ndugu wakigombana vibaya sana, mpaka mmoja akalitaja jina la mwenzake, wazee huitwa na faini hutolewa. Mimi mwenyewe ninalo langu, na mume wangu halijui.

La mama sikuwahi kulisikia mpaka niliposoma ile kadi. Sitaliandika hapa.

Nililisoma mara moja nikairudisha kadi kwenye bahasha. Nikajisemea kwamba ni karatasi tu. Watatazama kijiji, watapiga muhuri, mama hatakuwa hata na haja ya kuiona. Sikumwambia. Nilimwambia mjomba ameleta kadi ya misheni, naye akauliza, "Wataisoma?" Nikasema wataangalia tu. Akafunga kanga yake tukaondoka.

Baba Hamisi ndiye aliyetupeleka, kwa bajaji yake. Mama siku hizi hawezi mwendo, akitembea kidogo anashika tumbo. Tulipofika mume wangu alishusha kigoda alichokipakia kutoka nyumbani, akakiweka karibu na dirisha mkwewe akae, kisha akasogea nyuma yetu kwa adabu, kama anavyofanya siku zote mbele ya mama.

Watu walikuwa wengi. Mbele yetu alikaa mzee mmoja wa Kiyao mwenye kofia ya mkono, mcheshi, kila anayeingia ana neno lake. Alipomsikia mama akinisemesha Kimakonde akageuka, na kumuuliza ni wa wapi, na alipojibiwa Newala akamwinamia binti aliyekuwa akihudumia dirishani.

"Huyu asikudanganye, mwanangu. Wamakonde hawa mimi ndiye niliyewavusha mto. Huyu hata nauli hakunilipa."

Mama, na ugonjwa wake, hakumwacha. "Nilikulipa panya wawili," akamwambia. "Mmoja ulimla mbichi, hukungoja hata tufike nchi kavu."

Watu wakacheka, hata mlinzi. Mzee alicheka mpaka akavua kofia akajipangusia macho. Ni watani, wana haki hiyo, na kwa miezi miwili sikuwa nimemwona mama amechangamka namna ile. Ila nilimtazama binti wa dirishani nikaona yeye hakucheka, alitabasamu tu kidogo na kuendelea kuandika. Nikatamani huo utani ungekuwa wa kitu kingine chochote, si mto.

Zamu yetu ikafika. Yule binti ni mgeni huku, lafudhi yake ni ya bara, na sina ubaya naye. Alimwamkia mama shikamoo kabla ya lolote, mama akamwitikia marahaba mwanangu. Aliuliza maswali yake polepole. Feni ilikuwa inapiga kelele juu yetu, na kioo cha dirisha kina tundu dogo, kwa hiyo kila neno lilibidi lipazwe.

Nikapitisha bahasha. Akaitoa kadi, akaigeuza upande huu na huu, akaisogeza kwenye mwanga. Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kumwomba anipe dakika moja pembeni. Mdomo wangu ulikuwa bado unatafuta maneno ya kuanzia alipoinua uso, akamtazama mama, na kulitaja.

Alilitaja lote, kwa sauti ya kupita kioo na feni. "Bibi, ndiye wewe?"

Sijui nieleze vipi ukimya ule. Wageni waliokuwepo hawakusikia kitu, kwao ni jina kama majina mengine. Lakini wa huku wote walisikia. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha akashusha macho kwa mtoto wake. Yule mzee mtani, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, akageukia ukuta, akatulia hivyo, kofia mkononi.

Na nyuma yangu alikuwa Baba Hamisi. Mkwe wake.

Mama hakugeuza hata shingo. Alikuwa anatazama mbele kama mtu asiyesemeshwa. Yule binti akadhani mzee hasikii vizuri. Akasogea kwenye tundu la kioo akalirudia, kwa nguvu zaidi.

"Huyo simjui," mama akasema.

"Humjui? Basi kadi hii ni ya nani, bibi?"

"Ya mtoto aliyekuwepo zamani. Hayupo."

Nilipomtazama yule binti niliona jinsi uso wake ulivyobadilika, na nikaelewa alichokisikia. Alikuwa amesikia kwamba mwenye kadi alikufa. Mbele yake alikaa mwanamke ambaye mama yake alitoka ng'ambo, mwenye jina tofauti, aliyeleta kadi ya mtoto marehemu. Akaiweka kadi juu ya meza taratibu, mbali na mkono wangu, akatuomba tusubiri, akaenda kumwita mkubwa wake.

Nikageuka kumtafuta Baba Hamisi. Alikuwa ameshatoka. Nilimwona kupitia mlangoni, amesimama juani kando ya bajaji, ametupa mgongo.

Mkubwa wao alituingiza ndani, ofisini kwake, mama na mimi. Ni mtu wa makamo, mtulivu. Nilimweleza yote, unyago, majina, faini, huku mama amekaa pembeni amejifunika kanga mpaka usoni kama mfiwa. Alinisikiliza bila kunikata. Kisha akasema kwamba yeye si wa huku, ila amekaa huku vya kutosha kujua kwamba jambo hilo lipo. "Lakini siwezi kuandika ninachokijua," akasema. "Naandika kilichosemwa. Na kilichosemwa pale dirishani ni kwamba mwenye kadi hayupo."

Akanieleza kinachofuata. Jalada lenye maneno kama hayo linatakiwa kwenda uhamiaji, na huko wataanza upya, watamhoji, wataandikia kijiji, na hakuna anayeweza kuniahidi litarudi lini. Nikamwambia habari ya tumbo la mama na neno la daktari. Akasema atalishikilia hadi kesho, mchana jalada linaondoka. Kabla ya hapo mama aje, jina litajwe mbele yake yeye mkubwa, na mama akubali kwamba ndiye. Hahitaji hotuba, akasema, hata aitike tu, yeye ataandika na mama ataweka dole gumba. Wakishaiona kadi kuwa ni yake, namba inaweza kutoka haraka, na bima ikaendelea.

Aitike tu. Alilisema kama jambo jepesi, na nadhani alikuwa ananionea huruma kweli.

Baba Hamisi aliendesha kama amebeba mayai. Mama alijifunika uso mpaka nyumbani.

Sikufungua cherehani leo. Kuna sare za watu zinaningoja, wasubiri.

Mchana nilipika ugali na kisamvu. Baba Hamisi hakuingia ndani. Alikaa barazani akisingizia kutazama tairi la bajaji, tairi ambalo halina tatizo. Nikampelekea chakula hukohuko. Mama alikuwa amejilaza kwenye mkeka chumba cha mbele, akaiona sahani ikipita.

"Mkwe wangu amesikia," akasema.

Nikamwambia hakusikia vizuri, kwa ile feni, na hata kama alisikia ameshasahau.

"Hajasahau. Angekuwa amesahau angeingia kula."

Akaugeukia ukuta, na kisamvu chake kikapoa hadi nikakirudisha jikoni.

Alasiri nikampigia mjomba Hemedi. Nilimweleza, na kwanza akatukana kidogo, si mtu, alitukana dunia tu. Kisha akasema atapanda basi la asubuhi, aje aape kwamba Somoe ni dada yake wa tumbo moja, na kwamba walimbeba mgongoni kwa zamu, yeye na dada yake mwingine. Nikamwambia hicho hawakikatai. Wanachotaka ni jina litajwe na mwenyewe akubali. Je, yeye angeweza kulitaja? Yeye ndiye mkubwa, na alikuwepo alipozaliwa.

Nilisikia akifunga mlango kwanza.

"Zuhura," akaniambia, "mimi ndiye niliyempokea alipotoka unyagoni. Nilimvika kanga mpya kwa mkono wangu. Leo nimwite jina lile, halafu nikale wapi tena kwa dada yangu?"

Akasema atakuja hata hivyo, lakini atakaa nje.

Jioni akaingia Mama Shukuru, jirani yangu, na bakuli la uji wa ulezi. Yeye ni Mmakua, mwenye ulimi. Sikumweleza la jina, nilimwambia tu kwamba namba bado haijatoka. Akakaa chini karibu na mama, akashangaa sana. "Kwa hiyo na ugonjwa siku hizi unadai kitambulisho?" akasema. "Mbona wenyewe ulivyoingia haukuonyesha?" Mama akacheka, kisha akashika tumbo kwa sababu kucheka kunamuuma, na alipomaliza kucheka machozi hayakukoma. Mama Shukuru akadhani ni maumivu. Akampapasa mgongo mpaka mama akanywa nusu ya uji.

Nilikuwa nimeshakata tamaa. Niliwaza namna zote. Niliwaza kurudi peke yangu kesho na kumsihi yule mkubwa. Niliwaza kuuza cherehani, ingawa najua cherehani haifikii hata mlango wa upasuaji. Niliwaza pia jambo baya, kwamba mama ni mkaidi, kwamba ni neno moja tu, na kwa neno moja atatuachia msiba. Nilikasirika naye. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Nilimkasirikia mgonjwa kwa sababu ya adabu aliyonifundisha yeye mwenyewe.

Baada ya magharibi mama alinikuta jikoni. Alikuja mwenyewe, ameshika ukuta, akakaa kwenye kibao cha mbuzi kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Hakuniangalia. Akaanza kusema Kimakonde, polepole, nami nilikoroga chungu kisichohitaji kukorogwa ili asinyamaze.

Akaniambia kwamba jina lile mama yake alimpa kwa ajili ya mdogo wake aliyebaki ng'ambo. Bibi alivuka, mdogo wake hakuvuka, na hawakuonana tena. Alipozaa mtoto wa kike akampa jina la yule, ili awe na wa kumwita. Akamwita hivyo kila siku, kwa maji, kwa kuni, kwa chakula, mpaka mama alipoingia unyagoni.

Huko kungwi wao aliwafundisha kwamba ukisikia unaitwa jina lile usigeuke. Hata akiwa baba, hata akiwa mama aliyekuzaa. Anayeitwa hayupo tena, ukigeuka umemrudisha, na wewe utakuwa umerudi naye utotoni. Wakaapishwa.

Hawakuwa wametoka siku nyingi, siku moja mama amebeba ndoo anatoka kisimani, akasikia nyuma yake mama yake anamwita. Lile jina. Lilimtoka tu. Mama hakugeuka. Akaendelea kutembea. Mama yake akaita tena. Akakaza mgongo, akatembea hadi nyumbani, maji yakimwagika. Wanawake waliosikia wakapeleka habari, na bibi akatozwa kuku.

"Kuku nimemsahau," mama akaniambia. "Ninachokumbuka ni mgongo wangu, jinsi nilivyoukaza."

Bibi hakulitaja tena mpaka anakufa.

Nilikaa nikiwaza kisima kile. Bibi aliita mara mbili. Mtu akikosea huita mara moja, akashika mdomo. Labda siku ile hakuwa akimwita binti yake, alikuwa anaita ng'ambo. Lakini hilo sikumwambia mama. Labda analijua.

Nje nilisikia Baba Hamisi anakohoa barazani, kikohozi cha kutujulisha kwamba yupo na hasikilizi.

Kisha mama akasema nisichokitegemea, na alikisema kwa Kiswahili, kama vile tayari alikuwa mbele ya dirisha lile.

"Kesho utaniita wewe."

Nikamuuliza nimwite vipi.

"Utaniita. Wao wakiniita sisikii, mwanangu, si kwa kusudi. Masikio yamekwisha kuzoea. Lakini wewe nimekuzaa. Ukiniita wewe, nitajaribu kugeuka."

Nikamwambia sitaweza. Akaniambia hata yeye hajui kama ataweza, basi tutakuwa wawili. Akasema Baba Hamisi asitupeleke, tuchukue bajaji ya mtu mwingine. Akasema Hemedi akae mbali, ng'ambo ya barabara. Halafu, akiwa ameshaanza kuinuka, akaongeza, "Na usiniite kama unayeita bodaboda. Niite taratibu."

Nikamshika mkono hadi kwenye mkeka wake. Mkono umekuwa mwepesi, kama wa Hamisi alipokuwa darasa la kwanza.

Sasa wote wamelala isipokuwa mimi. Mvua bado haijaja, nasikia ngurumo mbali tu, upande wa uwandani. Nimeandaa vitu vya kesho kama ninavyoandaa siku zote, barua ya mtendaji, kadi ya kura, karatasi ya daktari. Nimemwekea mama kanga yake nzuri, ile ya zambarau, aiweke juu. Nimeongea na dereva mwingine wa bajaji. Baba Hamisi nimemwambia habari yote isipokuwa lile alilolisikia, naye hakuuliza. Alisema tu kwamba kesho atakula barazani tena, na keshokutwa, mpaka mama mwenyewe atakapomwita ndani.

Jambo moja sikuweza kuliandaa. Nilijaribu jikoni, peke yangu, maji yakiwa yanachemka ili yanifiche. Nilifungua mdomo nikalitafuta jina lile, silabi zake nazijua, si ngumu, hata mtoto angezitamka. Halikutoka. Maisha yangu yote sijawahi kumwita mama kwa jina lolote. Nimemwita mama. Kesho nitasimama mbele ya mtu mwenye kalamu nimwite kama anavyoitwa mtoto aliyetumwa maji, na yeye, mwenye mvi zake na uvimbe wake, aitike abee.

Na akiitika, bado kuna namba, bado kuna bima, bado kuna siku ya upasuaji. Nalijua hilo. Daktari hakuahidi kitu, mkubwa wa ofisi hakuahidi kitu. Ninachokijua ni kwamba asipoitika hatutafika hata hapo.

Nawaza kama atageuka. Nawaza pia, na hili ndilo linaloninyima usingizi, atakapogeuka ataniona mimi au atamwona nani, na kama atakuwa bado na uso wa kunitazama nao tukirudi nyumbani.

Nitamwita taratibu, kama alivyosema.

Saa saba na robo usiku. Nazima taa.